Picha ya shingo ilivyofika Bukoba

Kamachumu, Nshamba, Rubya, Kanyigo: popote uendako kwenye migomba ya Kagera, mzigo hubebwa kichwani. Mkungu wa ndizi hutoka kibanjani kichwani, ndoo ya maji hupandishwa mlima kichwani, na mzigo wa kuni za jioni hurudi nyumbani vivyo hivyo. Siku hizi baiskeli na bodaboda zimechukua sehemu ya kazi hiyo, lakini bodaboda nazo zimeleta ajali zake. Shingo inayobeba na kuumia katika yote hayo haizungumzwi mpaka iume.

Madhara ya mzigo wa kichwani yamewahi kupimwa. Mwaka 1997 wataalamu walichapisha matokeo ya kuwapiga picha wabeba kuni wa Sierra Leone, na kuwalinganisha na watu wasiobeba mizigo kichwani. Karibu wabebaji 9 katika kila 10 walikuwa na dalili za kuchakaa kwa pingili za shingo. Kwa wasiobeba, waliokuwa nazo walikuwa chini ya mmoja katika kila wanne. Hatuna sababu ya kudhani kwamba mkungu wa wilaya ya Muleba ni mwepesi kuliko kuni za Sierra Leone.

Leo mgonjwa wa Muleba anayehitaji kuonwa ndani ya shingo anaweza kufanyiwa CT scan Bukoba mjini, mwendo wa kilomita zipatazo 60 kwa barabara ya lami. Mzazi wake hakuwa na njia hiyo. Babu yake alikuwa na mikono ya fundi wa mifupa tu. Kuna historia ndefu kati ya babu na mjukuu, na imepitia Marekani, Ujerumani, Sudan, Cape Town na London kabla ya kutia nanga kwenye Ziwa Victoria. Katika urefu wake wote, picha ya shingo imekuwa na kazi moja iliyozidi nyingine zote: kumwambia mwenye mikono ni lini asiguse.

Mikono ilitangulia

Kila kijiji kilikuwa na mtu wake. Aliyeanguka mtini, aliyeteguka kifundo, aliyeamka shingo imekakamaa, wote walipelekwa kwa mzee au bibi anayejua kuunga na kuchua. Maji ya moto, mafuta, majani, vijiti vya kufungia mfupa uliovunjika: hiyo ndiyo ilikuwa zana yake. Mpaka leo madaktari wa mifupa nchini hupokea wagonjwa waliopitia huko kwanza, wengine wakiwa wamepona nusu, wengine wakiwa wameharibika.

Itakuwa dhuluma kuidharau mikono hiyo. Mkono uliozoea hutambua joto la uvimbe, hujua msuli uliokaza na uliolegea, na huhisi mfupa wa mkono au mguu uliopishana chini ya ngozi. Kinachoushinda ni sehemu ya juu kabisa ya shingo, pale kichwa kinapokalia uti wa mgongo.

Shingo ina pingili saba. Tano za chini zinafanana, lakini mbili za juu zina umbo la peke yake. Ya kwanza, iitwayo atlasi, ni pete isiyo na kiini cha mfupa katikati. Ya pili, aksisi, ina kigingi kinachosimama wima na kupenya ndani ya pete hiyo. Madaktari hukiita jino. Unapogeuza kichwa kumtazama anayekuita kutoka upenuni, karibu nusu ya mzunguko huo hufanyika hapo, atlasi ikizunguka kwenye jino la aksisi. Nyuma ya jino hupita ugwe wa mgongo, unaopeleka amri zote za mwili, pamoja na ile ya kupumua. Ubavuni, ndani ya matundu ya pingili, hupanda mishipa miwili ya damu inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo.

Kano moja imara hulizuia jino lisirudi nyuma na kuubana ugwe. Kano hiyo ikikatika, au jino likivunjika, mgonjwa anaweza bado kutembea na kuzungumza, akilalamika shingo tu. Kwa mkono wa nje hana tofauti na mtu aliyelala vibaya. Akigeuzwa kichwa kwa nguvu, anaweza kupooza au kufa papo hapo. Mambo haya mawili, shingo iliyokaza na shingo iliyovunjika, yanafanana kwa mguso. Ndiyo maana historia ya tiba ya shingo ilibidi igeuke kuwa historia ya kutafuta jicho.

Mwaka 1895

Kwa sadfa, fani ya kunyoosha uti wa mgongo na jicho la kuuona vilizaliwa ndani ya wiki zisizozidi nane.

Septemba 18, 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa nchini Marekani, Daniel David Palmer alimsukuma pingili ya mgongo Harvey Lillard, mfanyakazi wa usafi aliyekuwa kiziwi. Palmer alidai kwamba Lillard alisikia tena. Wengi wamelitilia shaka dai hilo tangu siku hizo, lakini juu yake ilijengwa fani inayoitwa kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha viungo, hasa uti wa mgongo, kwa mikono. Mwaka 1897 Palmer alifungua shule. Mwaka 1906 alifungwa jela kwa kutibu bila leseni ya udaktari.

Novemba 8 ya mwaka uleule wa 1895, huko Würzburg, Ujerumani, mwanafizikia Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi inayopenya nyama. Desemba 22 alimpiga picha mkewe mkono, na mifupa ya vidole ikaonekana pamoja na pete. Mionzi hiyo aliiita kwa herufi X, kwa kuwa haikujulikana ni kitu gani.

Vyanzo hivyo viwili vilikutana mwaka 1910, pale mwana wa Palmer, Bartlett Joshua, alipoingiza mashine ya eksirei katika shule ya Davenport. Alitaka kuthibitisha kwa picha kwamba pingili huhama mahali pake. Kufikia miaka ya 1930 alikuwa amefika mbali zaidi: alifundisha kwamba chanzo cha maradhi kiko kwenye pingili mbili za juu, na kwamba ukizinyoosha hizo, kwingine kutajinyoosha. Tawi la kairopraktiki linaloshughulikia shingo ya juu pekee lilianzia hapo, na ndilo linalopenda picha za pande tatu leo.

Bukoba ya wakati huo ilikuwa na shida nyingine. Mji wenyewe ulianza kama boma la Wajerumani, lililowekwa na Emin Pasha mwaka 1890. Mwishoni mwa muongo huo daktari wa serikali aliyeitwa Zupitza alitumwa Kiziba kuchunguza ugonjwa uliokuwa ukiua watu kwa mitoki, na sampuli zake zikamfikia Robert Koch, aliyethibitisha kwamba ni tauni. Kifaa kilichohitajika Kagera wakati huo kilikuwa hadubini. Picha ya mfupa ilikuwa bado.

Lakini mionzi haikuwa mbali sana, ukifuata maji. Mto Kagera huingia Ziwa Victoria, na maji ya ziwa hutoka kwa Mto Nile kuelekea kaskazini. Kando ya mto huohuo, mahali paitwapo Abadieh nchini Sudan, daktari wa jeshi la Uingereza, Meja Battersby, aliweka mashine ya eksirei mwaka 1898 kutafuta risasi miilini mwa majeruhi. Umeme wa kuchaji betri ulitokana na baiskeli ya watu wawili iliyofungwa dainamo, na askari walipiga pedeli katika joto la jangwa. Tangu siku ile, swali la eksirei barani Afrika limekuwa halibadiliki: umeme utatoka wapi?

Misheni na mwanga wa maporomoko

Kwa watu wa Muleba, jibu lilitoka misheni. Ndolage, karibu na Kamachumu, ni hospitali ya Walutheri. Misheni ya Kijerumani ya Bethel ilianza kazi ya Kilutheri mkoani, na Vita vya Pili vya Dunia vilipowaondoa Wajerumani, makanisa ya Sweden yakaingia. Bengt Sundkler, Mswidi, alikuwa askofu wa kwanza wa Kanisa la Kilutheri Bukoba kuanzia 1961, na Josiah Kibira akampokea mwaka 1964. Rubya na Kagondo ni hospitali za Wakatoliki, na Rubya baadaye ikawa hospitali teule ya wilaya. Kwa miongo mingi, mtu wa Muleba aliyevunjika alikuwa akipelekwa mojawapo ya hizi tatu.

Katika orodha za mitambo midogo ya umeme wa maji nchini, Ndolage inatajwa na mtambo wa kilowati 55, wa mwaka 1961, ambao ni mwaka wa Uhuru. Kilowati hizo si nyingi, lakini kwa hospitali ya mlimani iliyo mbali na gridi ni tofauti ya usiku na mchana. Mashine ya eksirei haitaki umeme mwingi kwa muda mrefu. Hutaka nguvu kubwa kwa sehemu ya sekunde, kisha hutulia. Jenereta ndogo huzimika katika sekunde hiyo. Shirika la Afya Duniani lilipobuni mfumo wake wa eksirei rahisi kwa hospitali za vijijini, kazi iliyoiva miaka ya 1980, wahandisi waliweka akiba ya umeme kwenye betri kwa sababu hiyohiyo. Kagera ilikuja kuunganishwa na umeme kutoka Masaka, Uganda, na kwa miaka mingi mkoa huu wa Tanzania uliwaka kwa umeme wa jirani.

Mashine ikiwapo na umeme ukiwapo, shingo ya juu bado ilikuwa mtihani. Ukimpiga picha mtu usoni, mataya na meno hufunika atlasi na aksisi. Ufumbuzi ni picha ya mdomo wazi. Mgonjwa hulala chali, mifuko ya mchanga imemshika kichwa kulia na kushoto. Mtaalamu wa mionzi huinama kumtazama ubavuni, akainua au kushusha kidevu kidogo kidogo mpaka ncha za meno ya juu na kitako cha fuvu viwe kwenye mstari mmoja. Digrii chache tu zikikosewa, meno au fuvu litafunika jino la aksisi na filamu itakuwa imepotea. Kisha humwambia mgonjwa apanue kinywa, aseme “aaa” bila kukatiza ili ulimi ushuke, na mionzi hupita katikati ya kinywa. Mwenye shingo iliyovunjika, taya linauma, hofu imemkaba, hawezi kila mara kupanua kinywa kiasi hicho.

Filamu ilikwenda chumba cha giza, ikatiwa dawa, ikasuuzwa, ikaning'inizwa ikichuruzika maji, na daktari mara nyingi aliisoma ikiwa bado mbichi. Alichotafuta ni milimita. Daktari wa upasuaji wa Uingereza, Geoffrey Jefferson, alieleza mwaka 1920 namna pete ya atlasi inavyopasuka uzito unaposhuka kutoka juu ya kichwa. Fikiria mtu anayeanguka kichwa kikitangulia, au mzigo mzito unaomwangukia utosini. Ikipasuka, vipande vyake hutawanyika kushoto na kulia na kuning'inia nje ya kingo za aksisi. Ukijumlisha pande zote mbili ukapata milimita 7 au zaidi, kano ya jino inashukiwa kuwa imekatika. Kwenye picha ya ubavuni, nafasi kati ya jino na tao la mbele la atlasi ikizidi milimita 3 kwa mtu mzima, shaka ni ileile. Daktari wa kituo cha vijijini alitakiwa kuona hayo kwenye kivuli kimoja bapa, vitu vya mbele na vya nyuma vikiwa vimerundikana. Nyufa nyingi zilimpita, na haikuwa kosa lake. Picha yenyewe haikuwa na kina.

Kutoka Cape Town

Kina kilitoka Afrika, na hili halisemwi vya kutosha. Mwaka 1956 Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, aliombwa kusaidia kwa muda katika kitengo cha mionzi cha hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, kwa kuwa sheria ilitaka awepo mwanafizikia wa kusimamia. Aliona madaktari wakipanga dozi za mionzi kana kwamba mwili ni kitu kimoja kilekile ndani, mfupa na nyama bila tofauti. Akajiuliza: ukipitisha miale mingi kutoka pembe mbalimbali na kupima kiasi kinachotoka upande wa pili, je, huwezi kukokotoa kilichomo ndani, nukta kwa nukta? Mwaka 1957 alijaribu kwa silinda ya aluminiamu iliyozungushiwa mbao, na hesabu ikakubali. Alichapisha mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyejali.

Aliyeitengeneza mashine ni Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI ya Uingereza, iliyojulikana zaidi kwa santuri. Oktoba 1, 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley jijini London, mgonjwa wa kwanza alipimwa kichwa. Mwaka 1979 Hounsfield na Cormack waligawana Tuzo ya Nobel ya Tiba.

CT scan hukata mwili kwa hesabu, vipande vyembamba vya duara, kama ndizi iliyokatwa kwa ajili ya kukaangwa. Kompyuta huvipanga tena na kumwezesha daktari kuigeuza atlasi kwenye skrini, kuitazama kutoka juu, chini na ubavuni, na kuuona ufa ambao mdomo wazi usingeuonyesha. Tangu mashine zinazozunguka mfululizo zilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1980, shingo nzima humalizwa kwa sekunde chache. Mgonjwa hahitaji kupanua kinywa wala kugeuzwa. Katika hospitali zenye vifaa, CT scan ndiyo sasa kipimo cha kwanza kwa mtu mzima aliyeumia shingo vibaya, na eksirei imebaki ya msaada.

Ng'ambo ya maji

Mwaka huohuo wa 1971, Bugando ilifunguliwa Mwanza, ikawa hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Kwa Kagera, maana yake ilikuwa kwamba jibu la shingo liko ng'ambo ya ziwa. Mgonjwa aliyekuwa akipewa barua ya rufaa alisafiri usiku kucha kwa meli kutoka Bukoba au Kemondo, au alizunguka kwa barabara na kivuko cha Busisi. Kwa mtu ambaye jino la aksisi limevunjika, kila shimo la barabara na kila wimbi lilikuwa hatari. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Tangu siku hiyo, kwa familia nyingi za Kagera, hata safari ya kwenda kutibiwa ilibeba msiba ndani yake. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na sasa gari la wagonjwa halisubiri tena kivuko.

Haikuwa ajali tu iliyoleta wagonjwa wa shingo. Mwaka 1983 Kagera ndipo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa, na kifua kikuu kikafuata nyuma yake. Kifua kikuu hakiishii mapafuni. Huingia pingili, huzila polepole, na kinaweza kulimaliza jino la aksisi bila mtu kuanguka popote. Mgonjwa wa namna hiyo huja akisema shingo imekaza kwa miezi, homa ya jioni kidogo, uzito umepungua. Anayemchua shingo anamsogeza kwenye ukingo. Katika mkoa uliopitia yaliyoupata Kagera, hiyo peke yake ilitosha kuifanya picha itangulie mkono.

Kisha likaja tetemeko. Septemba 10, 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, ardhi ilitikisika kwa kipimo cha 5.9. Serikali ilitangaza vifo 17 na majeruhi 440, na nyumba kwa maelfu zilibomoka au kupata nyufa. Majengo ya tofali yanapoanguka, huwaangukia watu vichwani na mabegani, na kila majeruhi wa aina hiyo anapaswa kuchukuliwa kuwa ameumia shingo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miaka sita baadaye, Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilitumbukia ziwani ikikaribia uwanja wa Bukoba. Watu 19 walifariki na 24 wakaokolewa. Mji uliokumbwa na maafa mawili makubwa ndani ya miaka sita hivi haukuweza kuendelea kutegemea picha za ng'ambo.

Mashine yafika

Oktoba 2021 Serikali ilizindua mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19, kwa mkopo wa zaidi ya Sh trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Katika manunuzi yake zilikuwemo CT scan za hospitali za rufaa za mikoa, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Kagera ikapata ya kwake. Ugonjwa ulioifunga dunia ukaacha nyuma yake, Bukoba, jicho la kuona mifupa.

Mashine huja na chumba chenye kuta za madini ya risasi, kiyoyozi kisichopaswa kuzimika, na sheria. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye makao makuu Arusha na iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ndiyo inayokagua vyanzo vya mionzi na kutoa leseni, kazi iliyorithi kutoka kwa tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1983. Huja pia na watu. Bugando hufundisha wapiga picha za mionzi. Huko hospitali ya KCMC, Moshi, Helmut Diefenthal, daktari aliyetoka Ujerumani kupitia Marekani, alitumia miaka mingi kuwafundisha maofisa tabibu kusoma picha, akijua kwamba madaktari bingwa wasingetosha kwa kizazi kizima. Hawatoshi hadi leo. Picha inaweza kupigwa Bukoba kwa sekunde na kusubiri msomaji kwa siku. Intaneti imefupisha ngoja hiyo, kwa kuwa picha inaweza kutumwa kwa bingwa aliye Mwanza au Dar es Salaam na jibu likarudi.

Picha ya koni na video za simu

Wakati Kagera ikisubiri CT scan, tawi lile la Palmer lilipata kifaa chake. Mwaka 1998 wataalamu wa Verona, Italia, walichapisha habari za mashine ndogo ya meno inayotoa mionzi kwa umbo la koni na kupata picha ya pande tatu kwa mzunguko mmoja. Madaktari wa meno waliipokea kwa mikono miwili. Baadaye wataalamu wa kairopraktiki wa shingo ya juu waliona kwamba picha hiyohiyo ya mataya inaonyesha pia atlasi na aksisi, mgonjwa akiwa ameketi, kwa mionzi pungufu kuliko CT ya hospitali. Wakaanza kupima kwayo mwinamo na mzunguko wa atlasi, kisha kupanga pembe ya kusukuma kwa kila mgonjwa.

Faida yake ni ya kweli. Atlasi za watu hazifanani. Upande mmoja wa pete unaweza kuwa mpana kuliko mwingine tangu kuzaliwa, na picha bapa humdanganya mtu adhani imehama. Picha ya pande tatu huondoa udanganyifu huo. Lakini kuona kwamba atlasi imeinama digrii mbili hakuthibitishi kwamba digrii hizo ndizo zinazoleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu au presha. Mwaka 2007 timu ya George Bakris jijini Chicago ilitoa matokeo ya utafiti mdogo wa watu 50, ambapo kunyooshwa atlasi kulishusha presha kwa kiasi kikubwa ndani ya wiki 8. Matokeo yalizua msisimko, ila utafiti mmoja mdogo si sababu ya mtu wa Muleba kuacha vidonge vyake. Na mionzi ina gharama yake: CT ya shingo humpa mtu dozi inayoweza kuzidi ile anayoipata kwa mwaka mzima kutoka ardhini, angani na katika chakula. Kupiga picha ili tu kuonyesha “kabla” na “baada” ni matumizi mabaya.

Barani Afrika kairopraktiki hufundishwa vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg. Tanzania waliosomea fani hiyo ni wachache. Video zake, hata hivyo, zimejaa kwenye simu: kichwa kinashikwa, kinageuzwa ghafla, shingo inalia “ka!”, mgonjwa anacheka kwa nafuu. Vijana wa saluni na wakandaji wa gym wanaiga. Video haionyeshi maswali yaliyotangulia wala picha iliyosomwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 kuhusu kairopraktiki unaorodhesha hali ambazo shingo haipaswi kusukumwa: jino la aksisi lenye kasoro, mfupa uliovunjika, uvimbe, maambukizi ya pingili, na nyinginezo. Hata shingo isiyo na kasoro ina hatari yake. Kugeuzwa ghafla kumewahi kuhusishwa na kuchanika kwa mishipa ya damu ya shingo na kiharusi, kwa nadra.

Hapa nchini, sheria ya mwaka 2002 ya tiba asili na tiba mbadala iliunda baraza la kusajili na kusimamia watoa huduma hao. Kwa hiyo mgonjwa ana haki ya kuuliza usajili kabla ya kulala kitandani. Ana haki pia ya kuulizwa: uliumia? una ganzi mikononi? una homa, umepungua uzito? umewahi kutibiwa kifua kikuu? Akiitikia lolote kati ya hayo, jibu la kitaalamu ni moja, na ni la kumpeleka hospitali.

Ndipo miaka 130 ya mionzi inapoleta maana vijijini. Si kila shingo inahitaji CT scan. Nyingi hupona kwa kupumzika, joto, mazoezi na kupunguza mzigo. Zile chache zinazoihitaji haziwezi kutambuliwa kwa mguso peke yake. Anayesema, “Wewe sikugusi, nenda kwanza Bukoba wakakupige picha,” huyo ndiye mtaalamu wa shingo, awe na shahada ya Davenport au awe bibi wa Nshamba aliyerithi kazi kwa mama yake.